Urefu wa Baba Yetu

Mtaani wananiita Baruti, na sikatai. Mimi ni fundi viatu, mzee wa kanisa, baba wa watoto wawili, na hasira zangu ziko karibu kuliko nyundo yangu. Nasema mapema usije ukadhani unasimuliwa na malaika.

Kwetu kipigo kilikuwa na kipimo chake. Marehemu baba hakuhesabu viboko. Alivua mkanda, akakukaba shingo, akasema, "Sali." Ukianza Baba Yetu naye anaanza kuchapa, mpaka ufike amina. Ukikosea neno, unarudi mwanzo. Alisema hivyo ndivyo mtoto anavyochapwa Kikristo. Siku moja nilikosea mara tatu, shati likagandia mgongoni kwa damu hadi mama akalilowesha maji ndipo likabanduka. Tangu hapo nikajifunza kuisali yote kwa pumzi moja, bila kituo, kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Alipofariki, kaka zangu walichukua shamba, mimi nikachukua mkanda. Nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Binti yangu alipofikisha miaka sita nikaanza naye, na jamani, nilijiona baba mwema.

Jumamosi moja mchungaji aliniletea viatu vyake vyeusi nibadilishe soli, avivae kesho yake kwenye ibada. Nikazibadilisha, nikatoka kidogo kununua rangi. Kurudi, namkuta mwanangu wa kiume, ana miaka mitano, tunamwita Bonge, kasimama juu ya kigoda, nyundo mkononi, anatabasamu. Vile viatu kavipigilia mezani. Vyote viwili! Misumari imetoboa soli mpya na kuzama kwenye mbao.

"Baba, sasa haviwezi kukimbia," akaniambia.

Mtu mwingine angecheka. Mimi damu ilinipanda kichwani. Nikamshusha kwa kola, nikauvuta mkanda.

"Sali!"

Akaanza, akakwama. Hakuijua. Alikuwa ameshika maneno ya mwanzo tu, yale wanayoimbiana wakicheza. Nikamchapa. "Rudi mwanzo!" Akarudi, akakwama palepale. Nikamchapa tena, na tena. Mara ya tano hakuwa anasali, alikuwa anapiga mayowe, kajikojolea, mapaja yamevimba mistari mistari. Na mimi, unajua, sikujua pa kuishia. Amina ilikuwa haijafika, na bila amina sikuwahi kuona kipigo kikiisha.

Dada yake, ana miaka kumi, akaingia mbio kutoka uani. Akachuchumaa pembeni, akawa anamnong'oneza maneno.

"Aseme mwenyewe!" nikanguruma. "Wewe toka!"

Hakutoka. Alinirukia, akaniuma mkono mpaka nikahisi meno kwenye mfupa. Nikamsukumia kwenye rafu, kalibu za mbao za kuundia viatu zikamporomokea kichwani. Akainuka. Akamlalia mdogo wake, akanipa mgongo, akaanza kusali yeye.

Nikachapa. Mungu anisamehe, nilichapa. Akageuza uso, chuma cha mkanda kikampasua juu ya jicho, na bado hakukoma. Aliisali yote kwa pumzi moja, maneno yanakanyagana, hadi amina.

Mkono wangu ukabaki juu. Ile sauti niliijua, maana ilikuwa yangu. Kwenye Shule ya Jumapili hakuna mwalimu anayefundisha kusali hivyo.

"Nimemaliza," akasema, damu inamchuruzika hadi kidevuni. "Na ya kwake nimemmalizia."

Mke wangu akatokea mlangoni. Akaiona ile damu, akaiokota nyundo chini. "Ukiwagusa tena nakuua," akasema, na huyo si mwanamke wa mizaha. Akawavuta watoto nyuma yake.

Nikauweka mkanda mezani, kando ya viatu vya mchungaji, nikachukua kisu cha ngozi. Ulikuwa mgumu ule mkanda, umekunywa jasho la miaka. Kisu kikateleza, kikanichana kiganja, sikuacha. Niliukata vipande vipande, kila kimoja kidogo kuliko kisigino, damu yangu imevichafua vyote. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikujali nani ananisikia.

Walipokwisha kuoshwa na kufungwa majeraha, nikapiga magoti mbele yao palepale karakanani. Mke wangu hakuiachia nyundo.

"Nimewakosea," nikasema. "Na Mungu nimemkosea zaidi. Nimelichukua jina lake la Baba nikalifanya kiboko. Mtamwitaje Baba na ninyi mnaumia mkilitaja? Sitawapiga tena."

Bonge akavuta kamasi. "Hata nikipigilia viatu?"

"Hata ukipigilia milango ya kanisa."

Akamtazama dada yake kama anamuuliza aamini au asiamini. Dada yake alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa juu ya jicho, mguu mmoja nje.

Nikafumba macho niombe. Nilitafuta maneno yangu mwenyewe, yakanikimbia. Iliyokuja ni Baba Yetu ileile. Nikaanza, na kabla sijajitambua nilikuwa katikati, sijavuta pumzi, mabega yamepanda masikioni, mgongo umekaza unangoja. Mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mzee wa kanisa!

Binti yangu hakunisogelea. Alisema kutoka palepale mlangoni.

"Baba, polepole. Hakuna anayekupiga."