Shangazi Anajua Kihindi

Jumatatu asubuhi kwenye karakana yetu ya ushonaji hakuna anayeanza na salamu. Kinyozi wa mlango wa pili anaingia na kitana mkononi, anapiga meza ya kukatia vitambaa na kusema, "Narudia tena, yule jambazi hakufa! Ameanguka kutoka ghorofa ya tisa, sawa, lakini mlimwona akifumba macho?"

Hapo anajibiwa na Overloki. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mashine yake, na pia kwa sababu mdomo wake ukishawashwa nao hukata na kushona kwa mpigo mmoja. "Ghorofa ya tisa, Kinyozi! Wewe ukianguka kwenye kiti chako cha kunyolea tunakuzika siku hiyohiyo."

Naye Mwalimu mstaafu, ambaye kila wiki huja kurekebishiwa nguo zisizo na tatizo lolote, anafungua daftari lake la alama. Kila filamu ya Kihindi tuliyoitazama Jumamosi imo humo: nyimbo kadhaa juu ya kumi, ngumi kadhaa, machozi kadhaa, mama kadhaa. Kwenye mama hakuna filamu iliyowahi kupata kumi, maana Mwalimu alistaafu kazi lakini ubahili wa alama hakustaafu.

Mimi natia vifungo na kukunja mapindo. Nina miaka ishirini na sita, na ishirini kati ya hiyo nimekaa kwa Shangazi, mwenye karakana, mwenye televisheni, na, hili ndilo kubwa kuliko yote, mwenye Kihindi.

Jumamosi saa tisa mchana tunafunika mashine kwa mashuka na kupanga viti. Shangazi anakaa kushoto kwa televisheni, mkanda wa kupimia shingoni, anafasiri. Anafasiri kila kitu: mama, jambazi, hakimu, hata ng'ombe akilia kwa mbali Shangazi atakwambia analilia nini. Sauti ya mama anaitoa puani, ya polisi anaitoa tumboni. Televisheni yenyewe ina ukanda mweusi chini, upana wa kiganja, ambao ulimeza maandishi ya tafsiri miaka mingi iliyopita. Mafundi watatu wamejitolea kuitengeneza bure. Wote watatu walitimuliwa.

Siri ya Kihindi cha Shangazi niliijua nikiwa na miaka kumi na miwili. Kuna wimbo tuliurudia mara mbili. Mara ya kwanza Shangazi alisema kijana anayasifia macho ya binti, mara ya pili akasema anaomba mvua, mahindi yake yanakauka. Nikamtazama. Akanitazama. Akaongeza sauti ya televisheni. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, wala sikumwambia mtu, kwa sababu kusema kweli yale mahindi niliyapenda zaidi.

Sasa niambie: kati ya wanaume wote wa dunia hii, nikampenda nani? Mfamasia aliyesomea India miaka minne.

Alikuja karakana na shati lililokosa kifungo. Wiki iliyofuata akaja na jingine. Katika kazi yangu sijawahi kuona mtu mwenye mashati yasiyoshika vifungo kama yule. Kufikia shati la kumi na moja nilikuwa nimeshakwisha, nikawa najichoma sindano nikisikia hatua zake mlangoni.

Kwangu mimi Shangazi ndiye mama, ndiye baba, ndiye ukoo mzima. Akisema hapana, hakuna ndoa. Na kipimo chake kilikuwa kimoja tu: mchumba aje Jumamosi, atazame filamu nasi, tuone analia wapi na anacheka wapi. Wiki nzima nilishona vifungo vya mbele kwa nyuma.

"Wakilia, lia," nilimwambia Mfamasia. "Wakicheka, cheka. Ukiulizwa chochote kuhusu Kihindi, sema umesahau."

"Nimesahau nini?"

"Kila kitu."

Ningemweleza zaidi, lakini kumweleza ilikuwa ni kumvua Shangazi nguo hadharani, na hilo sikuliweza. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi akafika na maboksi mawili ya biskuti, akaamkia kila mtu mpaka mashine nusura aziamkie. Overloki akamkagua kola. "Kapiga pasi mwenyewe," akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Ana mkono huyu."

Filamu ilikuwa mpya, hakuna aliyekuwa ameiona. Saa nzima ya kwanza mchumba wangu alikwenda vizuri mno. Alicheka mahali pa kucheka. Dada wa stelingi, yule shujaa wa filamu, alipopotea sokoni alijifuta macho, na nikamwona Mwalimu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua.

Kisha tukaingia hospitali. Mama yuko kitandani, mwanawe kamshika mkono, fidla zinalia. Shangazi akaikunja sauti akaipeleka puani.

"'Mwanangu,' anasema, 'mimi si mama yako mzazi. Lakini nani alikukeshea ulipokuwa na homa? Nani alikushonea sare yako ya kwanza ya shule? Leo umepata wa kwenda naye, mimi unaniachia nani?'"

Overloki akaangua kilio. Mimi mwili ulinisisimka, kwa sababu yule mama wa kwenye filamu hakuwa fundi wa sare, na kwa sababu Shangazi hakuwa anaitazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

Na hapo ndipo Mfamasia alipocheka. Angalau kingekuwa kicheko kidogo! Kilimtoka na makombo ya biskuti.

Kinyozi akabonyeza rimoti. Yule mama akaganda, mdomo wazi.

"Samahani," akasema Mfamasia. "Samahanini sana."

"Hapana, hakuna samahani," akasema Overloki huku akipenga kamasi. "Tuambie na sisi tucheke. Wewe si umekaa kulekule? Mama amesema nini?"

Nikamtikisia kichwa mpaka shingo ikaniuma. Lakini maskini, kazi yake ni kuwaambia watu vidonge viwili mara tatu kwa siku, na kusema vinginevyo hakuzoea.

"Amemwambia avae sweta."

"Avae nini?"

"Sweta. Nje kuna baridi. Anamwambia asitoke bila sweta."

Karakana ililipuka.

"Mama anakata roho, azungumzie sweta!"

"Na fidla zote hizo? Zinalilia sweta?"

"Kijana," akasema Mwalimu kwa upole wa mtu anayemrudishia mwanafunzi sifuri yake, "hakuna mtu aliyewahi kupigiwa fidla kumi na mbili kwa ajili ya sweta."

Kinyozi akainua kitana. "Ngojeni kwanza. Miaka minne huko, na Kihindi hakijui. Huyu alikuwa wapi?"

Wote wakamgeukia Mfamasia.

"Na dawa tunanunua kwake!" Overloki akashika kifua. "Juzi amenipa ya kikohozi!"

"Ikakusaidia?"

"Ilinisaidia, lakini sasa naanza kukohoa tena!" Na kweli akakohoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu pekee aliyesema kweli mle ndani akageuka tapeli, na vyeti vyake vikawa vya bandia, na mimi nikawa mchumba wa tapeli. Alinitazama kama mtu aliyepanda basi sahihi likampeleka kusiko. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikashindwa kuamua.

"Chai inachemka," akasema Shangazi, akanivuta mkono hadi chumba cha nyuma.

Hapakuwa na chai yoyote pale. Shangazi akakaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa.

"Anakijua, eh?"

"Anakijua, Shangazi."

"Kwa hiyo ni sweta kweli."

"Ni sweta."

Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka mkanda wa kupimia ukamdondoka shingoni. Kisha akauokota, akautia mfukoni.

"Ulipokuja hapa ulikuwa na miaka sita," akasema, "na ulikuwa hulali. Nikakuwekea filamu. Ukaniuliza, yule mama anayeondoka anasema nini? Ningekwambia sijui? Nikakwambia anasema anarudi sasa hivi. Ukalala. Kesho yake ukauliza tena. Mara Overloki akaja kusikiliza, mara Kinyozi, nikakosa pa kushukia."

Nilimkumbatia hapohapo gunia na yeye. Nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

"Toka," akasema akinisukuma. "Nikinyamaza, yule kijana ataitwa tapeli mtaa mzima, duka lake litaota buibui. Potelea mbali heshima yangu."

Akarudi karakana, akasimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni.

"Sikilizeni. Kijana yuko sawa. Mimi Kihindi sikijui. Sijawahi kukijua, hata neno moja. Miaka yote hii nimekuwa nikitunga."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Overloki alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka upya.

"Mnaona?" akasema. "Mnauona moyo wa huyu mama? Anajidhalilisha yeye mwenyewe ili kumfichia mgeni aibu!"

"Huo ndio uungwana," akasema Mwalimu.

Kinyozi akapiga makofi.

"Nasema kweli!" akafoka Shangazi.

"Ndiyo, mama, tumekuelewa. Kaa upumzike."

"Wallahi sikijui!"

"Hata kiapo anakula kwa ajili yake," akanong'ona Overloki. Kadiri Shangazi alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumheshimu. Akanigeukia mimi, mdomo wazi, sawasawa na yule mama aliyeganda nyuma yake.

Mfamasia akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama Shangazi, akautazama ule ukanda mweusi chini ya televisheni, na nikaona jinsi kweli yote ilivyomwingia taratibu akilini. Akamwomba Kinyozi rimoti.

"Kihindi changu mimi ni cha darasani na cha dukani," akasema. "Cha filamu, nimeona leo, anakiweza Shangazi peke yake. Naomba nijaribu tena, na yeye anisahihishe."

Akabonyeza. Akaisogeza filamu mbele, hospitali ikaisha. Sasa kulikuwa na polisi mnene getini, na mbele yake mwanamume mwenye baiskeli, wanarushiana mikono na makelele. Mfamasia akakohoa kidogo.

"Huyu wa baiskeli anasema, 'Mheshimiwa, maneno mazuri sina. Kazi yangu ni kuhesabu vidonge. Lakini nyumbani kwako kuna binti anayetia vifungo.'"

"Polisi ana binti?" akauliza Mwalimu, kalamu juu.

"Nyamaza!" akasema Overloki.

"'Tangu siku niliyomwona, mashati yangu yote nayang'oa vifungo kwa mkono wangu mwenyewe, nipate sababu ya kumpelekea.'"

Mashati kumi na moja! Masikio yalipata moto. Nilikaa juu ya pini na sikuhisi kitu.

Polisi wa kwenye filamu alipuliza filimbi, akanyoosha kidole. Watu wote wakamgeukia Shangazi. Akatoa mkanda wake wa kupimia mfukoni, akautundika shingoni, akakaa mahali pake kushoto kwa televisheni. Sauti ikatoka tumboni.

"'Binti yangu si wa kuchukuliwa kama baiskeli,' anasema polisi. 'Nimemlea mimi. Akiumwa hataki dawa zako, anataka hadithi. Hadithi utaziweza?'"

"'Nitajifunza,' anasema wa baiskeli."

"'Utafundishwa na nani?'"

"'Na wewe, Mheshimiwa, ukikubali.'"

Polisi akaipiga baiskeli teke, mwenye baiskeli akatumbukia mtaroni na miguu juu. Hakuna kati ya wafasiri wawili aliyejali.

"'Basi mchukue,'" akasema Shangazi. Alianza na sauti ya polisi, lakini katikati ikamponyoka ikapanda puani. "'Mchukue. Lakini kila Jumamosi mnarudi.'"

Overloki alilia mpaka akaegemea mashine ikajiwasha. Kinyozi, ambaye hujisifu kwamba hulilia ngumi tu, alijifuta uso kwa shuka lake la kunyolea na kupiga chafya kumi mfululizo za nywele za wateja. "Hii ndiyo filamu!" akapiga kelele kati ya chafya na chafya. "Huyu polisi ana utu! Halafu anamrusha mtaroni ili amjaribu!" Mwalimu akampa polisi tisa.

Baadaye Mfamasia aliniambia wale wawili kwenye filamu waligombania mahali pa kuegesha baiskeli.

Siku ya mimi kuhamia kwake baada ya harusi, wote walikusanyika mlangoni pa karakana. Kinyozi alikuwa amefunga duka. Overloki alikuja na leso mbili, moja ya akiba, na kila mtu alijua kinachosubiriwa: Shangazi, bingwa wa maneno ya mama anayeagana, leo angeagana kwa kinywa chake mwenyewe.

Akafungua mdomo. Akarudi ndani. Akainama chini ya meza ya kukatia, akatoka na sweta la kijani, zito, akanivika kupitia kichwani kama nilipokuwa na miaka sita.

"Usitoke hivyo," akasema. "Huko kuna baridi."

Huko kulikuwa mtaa wa pili, na jua lilikuwa linawaka. Nililia kuliko nilivyowahi kuililia filamu yoyote.

"Kumbe kweli alisema sweta," akasema Overloki polepole.

Mwalimu akafungua daftari, akatafuta ukurasa wa ile filamu ya hospitali, na kwenye mama akaifuta sita, akaandika kumi.