Mguu wa Ildefons

Jioni, ndizi zikitokota jikoni, Clotilda alimimina maji ya vuguvugu kwenye beseni akaliweka mlangoni. Mguu wa mumewe ulitoka migombani ukirukaruka, ukaingia majini wenyewe. Aliusugua kisigino, akatoa udongo kwenye kucha, akaufuta kwa kanga.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la shemeji yake Kahigi. Gari la ubalozi mmoja lilipomgonga Ildefons pale Kagondo akiwa juu ya bodaboda, na mguu ukakatwa, Kahigi alikataa kuuacha hospitali. Aliubeba hadi Ngenge, akauzika kibanjani, ubavuni mwa kaburi la baba yao, kama anavyozikwa mtu wa ukoo. Basi mguu ulijua kwao ni wapi, na kila jioni ulipita kusalimia.

Ildefons hakutaka makuu. Alitaka fidia, anunue mguu wa bandia, arudi kupalilia kahawa yake. Walipoambiwa na ofisi ya mwanasheria wa serikali kwamba ushahidi hautoshi, Clotilda aliuomba mguu ulale ndani, na asubuhi akapanda nao basi la Bukoba. Konda aliutoza nauli ya mtoto. Walibishana mpaka Muleba mjini, Clotilda akalipa.

Ofisini, dada mmoja aitwaye Judica aliusogezea mguu kiti.

"Shahidi mzuri huyu, mama," alisema. "Lakini mwenye gari ana kinga ya kidiplomasia. Hashitakiwi mpaka nchi yake ikubali."

"Itakubali lini?"

"Ameshahamishwa, mama. Pole sana."

Pole ile ilitoka moyoni, na ndiyo iliyomuuma Clotilda zaidi. Kila mtu alikuwa na huruma, wa kulipa hakuna.

Walifika nyumbani jua likizama.

"Baba Joyness, wamekataa," alimwambia mumewe.

Ildefons aliutazama mguu. "Waitu, mwenzetu, umechoka?"

Mguu ulisogea ukasimama chini ya paja lake, mahali pake pa zamani. Haukuunga, ulimshikilia tu. Wakaenda wote watatu kuiona kahawa. Ildefons alipapasa matawi huku akicheka peke yake, na Clotilda alifurahi kumsikia. Walipofika makaburini mguu ulijitoa taratibu, safari ilikuwa imeuchosha, ukazama udongoni. Ildefons akabaki ameshikilia mgomba.

Clotilda alikaza kanga kiunoni, akainama, akambeba mgongoni. Alikuwa mzito. Magugu ya kahawa yalimfika Clotilda magotini, na nyumba ilikuwa bado mbali.