Lala, Tupo

Haya alinisimulia Lidwina mwenyewe, mwaka jana mwezi wa saba, tukipukuchua mahindi barazani kwake Matarawe, baridi ikitusogeza kwenye jiko kila tulipojifanya kusogelea kazi. Ni jirani yangu tangu tukiwa na meno yote. Alianza katikati, ndivyo alivyo.

"Basi simu ikasema kaka amelefti," aliniambia, akatupa gunzi kapuni.

Ilikuwa jioni, maji ya ugali bado hayajachemka. Hilda, mjukuu aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amekaa kizingitini na simu. Uso ukamshuka.

"Bibi, babu Makarius amelefti."

"Amefanyaje?"

"Ametoka kwenye grupu la ukoo."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Haendi popote, bibi. Ametoka tu."

Lidwina alilitafuna neno hilo kama mtu aliyekuta kijiwe kwenye wali. Tangu azaliwe hajaona mtu anayetoka asiende popote. Anayetoka kaenda shamba, au kisimani, au kakasirika.

Grupu lenyewe alilifungua Thadei, mwanawe wa kwanza, kwa ajili ya posa. Kijana aitwaye Hassani, wa Nakapanya, kule Tunduru, kwao wakulima wa korosho, alikuwa ameleta barua kumwomba Hilda. Mambo ya dini wazee wa pande mbili walikwisha kuyaongea, yakaongeleka. Lililobaki ni jibu, na katika ukoo ule jibu la posa hulitoa mkubwa wa wote. Naye ni Makarius, kaka yake Lidwina, anayeishi peke yake Madaba tangu mkewe alipomtangulia. Alipopelekewa habari alisema neno moja tu: "Tunduru ni mbali." Na wiki hiyo hiyo, akalefti.

Asubuhi Thadei alimrudisha. Jioni akatoka. Akarudishwa tena, jioni akatoka tena.

"Mama, mjomba hamtaki kijana," Thadei alisema, amesimama uani bila hata kuvua kofia. "Kama hamtaki aseme, siyo kutubamizia mlango kila jua likizama. Sasa simrudishi. Jumapili tunawajibu watu wa Nakapanya, awepo asiwepo."

"Umempigia?"

"Nimpigie nimwambie nini? Kulefti ni jibu, mama. Siku hizi mtu akilefti ndiyo kamaliza."

Hilda aliinuka akaenda nyuma ya nyumba kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Bibi, kama babu hataki, mimi siolewi. Siwezi kuondoka hapa nikiwa nimepewa kisogo."

Lidwina alirudi jikoni. Aliusonga ugali, na mwiko ulivyozunguka ndivyo mawazo yalivyomrudisha nyumbani kwa baba yao, Madaba, enzi hizo wakiota moto wote pamoja. Nyumbani kwao hakuna aliyeinuka motoni akaenda kulala kimya kimya. Uliwaaga waliobaki, mmoja mmoja, kwa jina, mpaka mtoto wa mgongoni. Na baba, bila kukutazama, alijibu: "Lala, tupo." Hapo ndipo ulipata ruhusa ya kufumba macho. Aliyetoka bila kuaga alihesabiwa kaudhiwa, na mtu alitumwa kumfuata mpaka kitandani kumwuliza ni nani kamkosea. Hakuitwa kwa mbali. Alifuatwa.

"Jumapili hamjibu mtu," Lidwina alimwambia Thadei. "Aliyetoka kikaoni anafuatwa. Mimi naenda."

"Mama, ni grupu tu."

"Kama ni tu, mbona umenuna?"

Asubuhi alipanda basi la barabara ya Njombe kwenda Madaba, na unga wa mahindi mapya kwenye kitenge. Njiani alipanga maneno ya kumbembeleza kaka yake, akayapangua, akayapanga upya. Aliogopa. Makarius akisema hapana, hakuna wa kuipindua, na yule mtoto atakaa kwake akizeeka kwa adabu.

Alimkuta uani, anachambua maharage. Simu ilikuwa ukutani, imening'inia kwenye msumari karibu na waya wa sola, na chini yake kumewekwa kigoda, kimeielekea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuinua macho. Lidwina akauweka unga kizingitini, akaketi mkekani, akangoja, maana anayefuata mtu hatangulii kusema. Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mmenifungia mlango," Makarius alisema mwishowe.

"Nani kakufungia? Si umetoka mwenyewe, kila jioni!"

"Nilitoka kwenda kulala, Lidwina!"

"Kulala?"

"Sasa nilale mle ndani? Watu wamekaa wanazungumza, mimi nakoroma katikati yao? Na mke wa Thadei yumo mle! Umeona wapi mzee analala chumba kimoja na mkwewe?"

Lidwina aliigeukia simu pale ukutani.

"Kijana wa dukani alinionyesha," Makarius aliendelea, kwa hasira ya siku nyingi. "Alisema, mzee, ukitaka kutoka, bonyeza hapa. Basi usingizi ukinijia natoka, kwa adabu zangu. Asubuhi nakuta wamenifungulia. Nikasema, kumbe Thadei kalelewa. Halafu siku moja nakuta kumefungwa. Nimekaa hapo kwenye kigoda mpaka chai ikapoa."

"Lakini hukuaga, kaka! Ndiyo maana watu wameingiwa na hofu."

"Mimi? Mimi nisiage? Nimeaga kila siku, kwa majina! Thadei, nawe Lidwina, na Hilda, na huyo mkwe nimemuaga kwa heshima, nimegeuka pembeni."

"Ulibana pale pa kusemea?"

"Pa kusemea wapi? Si nilisema tu. Nilisema kwa sauti."

Hapo Lidwina alishindwa. Alicheka mpaka akajilaza kwenye mkeka, kilemba kikamtoka. Makarius alimtazama kwa ukali, kisha mdomo ukamcheza upande mmoja, naye akaanza, ungo ukitikisika magotini.

Kicheko kilipokwisha, Makarius aliuweka ungo chini.

"Nilipokuta kumefungwa," alisema taratibu, "nikajua ni kwa lile neno langu la Tunduru."

"Nasi tulijua hivyo hivyo. Humtaki kijana?"

"Kijana nimkatae kwa lipi? Nilisema ni mbali. Na ni mbali! Hilda ndiye mtoto pekee anayekuja hapa akanipikia bila kuombwa. Akienda kule, na magoti haya, nitamwona lini? Hicho ndicho nilichosema. Hamkuniuliza kilichobaki."

Lidwina aliokota punje ya harage mkekani, akairudisha kwenye ungo. Ni kweli hawakumwuliza.

Alimpigia Thadei, akamweleza. Kisha Thadei akasema, "Mama, mpe mjomba simu." Waliyoyasema wenyewe Lidwina hakuyasikia, alikwenda kupika, makusudi.

Jua lilipokuwa linazama, mlango wa grupu ulikwisha kufunguliwa. Lidwina alimfundisha kaka yake kurekodi sauti, kama Hilda alivyomfundisha yeye: bana hapa, kama unavyobana titi la mbuzi, usiachie mpaka umalize. Makarius alibana. Aliwataja wote, mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwa Hilda alikohoa.

"Hilda, mjukuu wangu. Waambie watu wa Nakapanya, babu amekubali. Na huyo Hassani mwambie barabara ya Madaba ipo, wala haifungwi. Haya. Nawaaga. Nalala."

Akaachia. Kidole kikaanza kutafuta pale pa kutokea. Lidwina akakishika.

"Usitoke. Lala humo humo."

"Na mke wa Thadei?"

"Atageukia ukutani."

Makarius aliwaza, akaona ni sawa. Aliiweka simu karibu na mto, akajifunika blanketi mpaka kidevuni. Punde ikalia, Lidwina akabonyeza, na sauti ya Hilda ikatoka, nyembamba, ya mtu aliyelia akamaliza: "Lala, babu. Tupo." Nyuma yake Thadei, naye akiiga sauti nzito ya marehemu babu yake: "Lala, tupo." Kisha wengine, sauti juu ya sauti. Wa mwisho alikuwa mkwe, kwa mbali na kwa heshima.

Sijui Makarius alizisikia ngapi. Lidwina anasema alianza kukoroma zikiendelea kuingia, na hakuna aliyemwona.

Lidwina naye alijinyoosha kwenye mkeka, upande wa pili wa chumba, kama walivyolala wakiwa wadogo. Akaanza kuaga kwa kunong'ona, wa kwenye simu kwanza, kisha wale wa zamani waliouzunguka moto. Anasema hakumbuki ni jina la nani alilofikia.