Msalaba wa Mama Sixta

Nasinzia kwenye benchi la fundi Leodgar, mfyatuaji wa misalaba ya zege ya makaburini, maana ameniambia nisiondoke kabla sijachagua wa mke wangu, na mimi tangu tumzike sisikii kitu, si uchungu si njaa, niko kama fizi iliyochomwa ganzi. Basi natumbukia. Najikuta kwenye njia isiyo na mwisho, na mnaonijua msicheke, siku nyingine nimewaongopea lakini hii nimeikanyaga kwa miguu yangu, kila upande ni milango, kila mlango una ngao, kila ngao ina msalaba. Huu mikono yake imetanuka nchani kama mkia wa samaki. Huu ncha zimejikunja kama nanga. Huu umekaa mshazari, utadhani mwalimu amekosoa hesabu. Mtu asiye na uso ananisimamisha. Namwuliza, Mama Sixta wangu yuko wapi? Anajibu, mlango wa kulia, na ukiingia penye msalaba usio wake hutamsikia tena. Nashika wa kulia, wa nanga. Sauti ya kike inasema ndani, karibu mume wangu, maji ya kuoga yanapoa. Nami, mtu wa kukaribishwa sikatai, natia mguu mmoja. Kutoka ng'ambo ya njia nasikia, we Baba Sixta, unakwenda kuoga kwa nani? Nasema, nimeambiwa kulia. Anasema, kulia kwangu mimi niliye nyuma ya ngao, ngao ni ya anayeishika, si ya anayeitolea macho, mzee mzima hujui hata hilo. Nachomoa mguu, navuka. Msalaba wake una mguu uliochongoka kama mkuki. Namwuliza, mbona umechongoka? Anasema, ni wa msafiri, anauchomeka ardhini, anasali, anaung'oa, anakwenda zake. Nabonyeza macho nitoe chozi, halitoki. Namwambia, nifungulie basi. Anasema, chagua kwanza, fundi anangoja. Nachagua huu. Nangoja. Mlango haufunguki.

Leodgar ananitikisa bega. Mzee, amka, nimeshamimina zege. Namwuliza, msalaba upi? Anasema, huu wa mguu uliochongoka. Nasema, nani kakwambia? Anafuta mikono kwenye suruali, ananishangaa. Si Mama Sixta mwenyewe, katoka sasa hivi, kwani hamkuonana mlangoni?

Namwambia, tumepishana.