Waliotangulia Kutia Sahihi

Kitendawili! Haya, sema tega. Lango limefungwa, ua haupo, na hakuna ng'ombe wa kupita. Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni lango letu la Ceibal, kaskazini mwa Uruguay. Limebaki peke yake kati ya mikaratusi ya kampuni, mstari kwa mstari, hata ndege hasikiki humo.

Zamani pale palikuwa na nyasi tupu na familia ishirini za wafugaji. Sisi tulipakana na kina Delmira. Siku ya kuchoma ndama alama, mwenye ndama hakushika chuma. Sisi tuliwachomea wa kwao, wao wakatuchomea wetu, ili ndama asije akamwogopa bwana wake. Baadaye nyama, kelele, na watoto kulala popote walipoangukia.

Kisha kampuni ikaja kununua. Mume wangu Ceferino aliapa mbele ya watu kwamba hauzi ng'o. Delmira na mumewe wakatia sahihi, wa kwanza kabisa. Kijito kilikuwa upande wao. Bila maji ungefuga nini? Mwezi uliofuata tukauza na sisi, na wengine wote wakafuata.

Mjini mimi na Delmira tukapata nyumba ukuta kwa ukuta. Miaka kumi na tisa nimemuuguza, ameniuguza. Ceferino alipokufa, yeye ndiye aliyemwosha. Lakini kila nikimuuliza, "Kwa nini mlitangulia?" hujifanya anatafuta sukari. Na mimi sitaki kufa bila kujua.

Juzi, siku ya wafu, tulipeleka maua makaburini, mle mle ndani ya miti. Nikapangusa jina la Ceferino kwa leso.

"Nikifa nizikwe hapa," nikasema, "kando ya mwanamume aliyekataa. Wewe, bibie, watakuzika mjini na wauzaji wenzako."

"Loo! Ulimi huo, shoga, hata mbwa angeukimbia."

"Umenuna? Basi nijibu. Kwa nini?"

Aliyaweka maua yake juu ya kaburi la mume wangu.

"Alikuwa ameshakubaliana nao, Nicanora. Alikuja kwetu analia. 'Tangulieni nyinyi,' akasema. 'Mke wangu akijua ni mimi, ataniacha. Wewe, Delmira, atakutukana tu, lakini hatakuacha.'"