Neno Alilotumia Rukia

Siku ambayo Mzee Mkumbo alikuwa apande basi kutoka Kiomboi kwenda Singida kutibiwa macho, mwanawe Shaibu alipata ujumbe asubuhi na mapema. Ulitoka kwa mdogo wake, Rukia: "Baba is late."

Shaibu alikuwa fundi pikipiki Mwankoko, hapo hapo Singida, na Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi: late ni kuchelewa. Basi mzee kakosa gari la kwanza. Akajibu, "Sawa, nitamsubiri," akaenda stendi. Magari ya Kiomboi yakaingia moja baada ya jingine, mzee hayumo. Shaibu akaanza kumkasirikia kimoyomoyo kwa kumpotezea siku ya kazi. Simu nayo ikazima kwa kuisha chaji.

Mchana akashuka Gasto, jirani yao wa Kiomboi. Alimshika Shaibu mkono, hakuuachia.

"Pole sana. Nilijua umeshafika nyumbani."

"Pole ya nini?"

Gasto akababaika. "Mzee ametutoka alfajiri, Shaibu. Wanazika adhuhuri hii."

Alipofika Kiomboi, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Baba yake mdogo akasema walimpigia mpaka wakachoka. Rukia, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa mkekani, macho yamevimba.

"Kwa nini hukuniandikia Kiswahili?"

"Niliandika 'amefariki', kaka, nikafuta. Nilishindwa kuliona lile neno. Nikasema kwa Kiingereza litauma kidogo. Ulipojibu utamsubiri, nikadhani umechanganyikiwa kwa uchungu."

"Mimi najua late ni kuchelewa."

"Ni kuchelewa. Zamani sana lilimaanisha mtu mzito, anayejikokota. Siku hizi hata marehemu anaitwa hivyo, kwamba juzijuzi tu alikuwa nasi. Nafundisha hayo kila mwaka. Sikukumbuka kuwa wewe hukuyasoma." Akaanza kulia upya. "Nisamehe."

Shaibu akakaa karibu yake. Asingeweza kumlaumu. Kilichomtafuna ni kwamba wakati watu wanamshusha baba yake kaburini, yeye alikuwa stendi akimnung'unikia. Hilo hakumwambia dada yake, wala mtu mwingine yeyote.

"Aliteseka?" akauliza.

"Hapana. Aliomba maji, akanywa, akalala."

Shaibu akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka kuwapokea wageni walioingia, akawapa mkono mmoja mmoja.