Kinyume cha Mbichi

Muuza samaki alipopaza sauti kwenye kona ya mtaa, mama mkwe aliinuka akafunga dirisha. Hakulibamiza. Alilivuta taratibu, akapachika komeo, kama mtu anayemziba mtoto macho asione jambo lisilomfaa.

"Samaki! Samaki wabichi! Wabichi, bado wanapumua!"

"Umemsikia?" mama mkwe alisema akirudi kwenye kiti chake. "Anatangaza mwenyewe, tena bila haya. Wabichi!"

Sindano alikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko pindo la sketi lilivyohitaji, na uzi ukakatika. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Sasa mimba ilikuwa na miezi sita, na wateja wale wale walicheka wakisema sindano imemeza kifungo. Yeye hakuwa na nguvu za kucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa maziwa yaliyolala siku tatu dirishani, na tumbo lilikuwa bado linayalalamikia.

Chanzo cha yote kilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Muuguzi wa kliniki aliiandika kwa haraka mwezi wa nne wa mimba, akampa mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye benchi, kwa kuwa Sindano mwenyewe alikuwa bado anashuka kitandani. Ilikuwa na mistari michache tu. Mama mjamzito asile samaki wabichi, nyama mbichi, mayai mabichi, wala asinywe maziwa mabichi.

Mama mkwe alikuwa na miaka sitini na miwili, na mwaka mmoja wa masomo ya jioni. Karatasi ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake kupewa mkononi akaweza kuisoma mwenyewe. Aliisoma njia nzima kidole kikitembea chini ya herufi, akaisoma tena nyumbani, kisha akainakili kwa maandishi makubwa. Wiki iliyofuata aliisoma mbele ya darasa na mwalimu akapiga makofi. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na sheria.

Samaki akawa mkavu tu, mgumu kama soli ya kiatu. Mayai yaliandikwa tarehe kwa penseli, yakalazwa siku kumi kabatini "ubichi uyatoke". Nyama ilining'inizwa mpaka ibadilike rangi. Mboga za majani hazikutajwa kwenye karatasi, lakini mama mkwe alizianika juu ya sinia zikawa kama tumbaku, kwa sababu, alisema, neno ni lile lile. Hatimaye alilizima friji lenyewe.

"Kazi ya friji ni nini?" alimuuliza mwanawe, ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza majokofu.

"Kuzuia vitu visiharibike, mama."

"Yaani kuviweka vikiwa vibichi. Basi!"

Sasa ndani ya friji la fundi wa majokofu mlikuwa na vitambaa vya wateja, vimekunjwa vizuri kwa rangi.

"Sema neno, mume wangu," Sindano alimwambia siku moja wakila. "Huyu ni mama yako."

Mumewe alikuwa anahangaika na kipande cha samaki kilichomkwama kwenye jino. "Mimi gesi ikivuja najua pa kuziba," alisema. "Hapa nizibe wapi?"

Ukweli ni kwamba Sindano naye alijua kusoma, na karatasi alikuwa ameisoma mara nyingi. Lakini kila alipofika kwenye samaki, macho yake yaliruka. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, na siku moja kabla yake alikuwa amekula samaki mbichi, siyo wa kukaushwa, wa yule yule anayepita na beseni kichwani. Majirani waliokuja kumpa pole walisema, "Labda kuna kitu ulikula." Walisema wakaenda zao, na neno likabaki kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo, inayochoma ukikaa vibaya. Basi alikereka, alinung'unika, alikata uzi, lakini alikula alichopewa. Afadhali tumbo liume kuliko kubeba lawama mara ya pili.

Siku ya kwenda kliniki goti la mama mkwe liliuma, kwa hiyo Sindano alikwenda peke yake. Muuguzi alimtoboa kidole, akasubiri, akatazama kipimo, kisha akavua miwani.

"Damu imeshuka sana. Nitakupa vidonge, lakini vidonge bila chakula ni nusu ya kazi. Wiki mbili nikikupima tena na haijapanda, nakupeleka hospitali kubwa. Sitathubutu kukuzalisha hapa ukiwa na damu hii. Unakula nini?"

Sindano akaeleza. Alivyozidi kueleza ndivyo muuguzi alivyozidi kuweka kalamu mbali.

"Mayai ya siku kumi? Kwenye joto hili?"

"Ndiyo."

"Na maziwa siku tatu. Mnayachemsha kwanza?"

"Hapana. Yanakaa tu, mpaka yaache kuwa mabichi."

"Na samaki wa kawaida nani alikukataza?"

"Wewe."

"Mimi!"

"Uliandika, dada. Samaki wabichi asile."

Muuguzi akaweka viganja vyote viwili mezani. "Wabichi, mwanangu! Ambao hawajapikwa! Jikoni, siyo sokoni! Mwenye mimba apikiwe kitu kiive, maziwa yachemke, yai likauke kiini. Ninyi mmeruka mkojo mkakanyaga... haya, nisimalizie."

Sindano alihisi uso unawaka. Miezi miwili ya soli za viatu! Aliinuka aondoke, akafika mlangoni, akarudi.

"Na ile ya kwanza? Nilikuwa nimekula samaki jana yake."

"Alipikwaje?"

"Alikaangwa."

Sauti ya muuguzi ilishuka. "Basi mwache samaki wa watu apumzike. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na mara nyingi mama hana alichokosea. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyemwambia.

Njia nzima Sindano alipanga maneno. Aliyashika mdomoni kama anavyoshika pini anapompima mteja gauni, yote yakielekeza ncha nje. Angemwambia mama mkwe kwamba kusoma si kutamka. Angemwambia kwamba elimu ya jioni inataka kumwua mtu mchana. Hilo la mwisho alilipenda, akalirudia mara mbili mpaka akafika mlangoni, na hapo akasikia sauti jikoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya friji, goti bovu amelipumzisha kwenye kigoda, kidole chake juu ya karatasi.

"Ee Mungu wangu, na leo pia," alikuwa akisema. "Samaki wabichi, nimemwepusha. Nyama mbichi, nimemwepusha. Mayai mabichi, nimemwepusha. Maziwa mabichi, wewe umeona. Yule wa kwanza tulipewa karatasi pia, nikaitia kwenye mkoba, sikujua imesema nini, na nikaona aibu kuuliza. Huyu nimesoma, Baba. Nimesoma mwenyewe. Usiniambie tena kwamba sikusoma."

Sindano alisimama pale, mkoba begani. Alikuwa akidhani mama mkwe alikwenda kusoma ili aweze kuandika barua. Pini alizozipanga zikaanza kumchoma yeye mwenyewe, na hakujua azitemee wapi.

"Mama."

"Umerudi! Wamesemaje?"

"Damu imeshuka."

Mama mkwe alishika mdomo. "Nimekosea wapi? Nimefuata yote. Kila mstari."

Sindano akavuta kiti, akakaa. "Nisaidie swali moja. Kinyume cha mbichi ni nini?"

Hata katika hofu yake mwanafunzi alinyoosha mgongo. "Kavu."

"Kweli. Na juzi nilipotaka kupakua wali, ukanishika mkono. Ulisema nini?"

"Nilisema usipakue, wali bado m..."

Kidole kikaiacha karatasi, kikairudia, kikaenda mstari kwa mstari mpaka chini. Huko nje mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji.

"Yote?" aliuliza hatimaye.

"Yote, mama. Viive tu."

"Na mayai yangu yenye tarehe?"

"Ya kutupa."

Mama mkwe alikaa juu ya kigoda. Sindano alisubiri kilio, lakini kilichokuja kilikuwa hasira. "Sasa huyu muuguzi! Unampaje mtu neno lenye milango miwili, usimwambie apite upi? Na wewe! Miaka kumi na miwili shuleni, kalamu imekuota mkononi, ulikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilimwogopa samaki." Hakuwahi kulitamka, na lilitoka dogo kuliko alivyolidhania. "Ile mara ya kwanza. Nilikula samaki, mama. Jana yake."

Mama mkwe hakushtuka. Alilitazama goti lake, akalisugua polepole.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyemnunua. Nikamkaanga kwa mikono hii."

Wakatazamana, wanawake wawili waliomficha samaki mmoja kwa mwaka na nusu ndani ya nyumba yenye vyumba viwili. Kisha Sindano akamweleza alichosema muuguzi, neno kwa neno, na mama mkwe akamwomba arudie pale pa mwisho. Alirudia. Akaombwa tena.

Kesho yake vitambaa vilihamia kabatini, na mumewe akalirudishia friji umeme, akikaa kimya kama mtu mwenye akili. Saa ya muuza samaki ilipofika, mama mkwe aliinuka akalifungua dirisha lote, mabawa mawili.

"Wewe! Hao samaki wabichi?"

"Wabichi kabisa, mama!"

"Lete. Tutaumaliza ubichi wao hapa hapa."

Na aliumaliza. Alimkaanga, akamgeuza, akamgeuza tena, akamchungulia mpaka kwenye mfupa.

"Mama, ameiva," Sindano alisema.

"Tuhakikishe."

"Mama, anaungua!"

Hatimaye sahani ilifika mezani, samaki akiwa mweusi pembeni, mboga mbichi za leo zikiwa zimepikwa mpaka zimesalimu amri. Hata hivyo harufu yake ilimjaza Sindano mate. Mama mkwe alifumba macho ili abariki chakula. Kwa kawaida maombi yake ya mezani yalikuwa na maneno saba. Leo midomo ilicheza, ikacheza, ikaendelea. Mvuke ulipungua juu ya sahani.

"Mama," Sindano alinong'ona, uvumilivu ukimwisha. "Samaki anapoa."

"Subiri," mama mkwe alijibu bila kufumbua macho. "Nimemwambia Mungu neno "wabichi" kila siku kwa miezi miwili. Lazima nimrekebishie maana yake."

Sindano alikuwa tayari ameshika kipande. Alikirudisha. Kupitia dirisha lililo wazi sauti ya muuza samaki ilikuwa imeshafika mtaa wa pili, ikilisifu neno lile lile, na yeye akafumba macho akasubiri.